Operata ana miaka 8 na cheti, mbona ekskaveta yangu ilikaribia kuingia shimoni?

"Mwalimu habari ya leo. Mimi niko Hoima, Uganda. Mimi na kaka yangu tulichukua mkopo wa SACCO tukanunua ekskaveta ya tani 20, mtumba kutoka Japan, tunaikodisha kwa saa kwa watu wa maramu, ule udongo mwekundu wa barabara, inachimba na kujaza tipa. Operata wetu ana uzoefu wa miaka 8 na cheti anacho. Namlipa mshahara kidogo, alafu alawansi kwa kila saa inayosoma kwenye mita. Siku ya saa 8 inakula lita 160 za dizeli. Pini na bushi za baketi zinaisha haraka, makanika amechoka kutuona. Mwezi uliopita baada ya mvua ukingo wa shimo ukameguka, cheni moja ya kutembelea ikaning'inia, operata akaruka nje akaiacha, tukaivuta na mashine ya jirani. Kaka anasema tumfukuze tumpe taniboi, ni kijana mwenye akili na jioni huwa anachimba kidogo. Rafiki ananiambia kuna shule Kampala, wiki mbili unapata cheti cha mashine tano. Mimi naogopa nikimfundisha mambo ya usalama atakuwa mzito, na wateja wangu wanataka spidi. Nifanye nini?"

Dada, pole kwa mkopo na pole kwa ule mshtuko. Na asante umekuja na namba, maana wengi wananiandikia tu "operata wangu ni mbaya" alafu wanataka dawa hapo hapo. Wewe umeleta lita, saa na mvua, tuna pa kuanzia.

Nikikusoma vizuri, hofu yako kubwa umeiweka mwisho kabisa, pale unaposema usalama utamfanya awe mzito. Naanzia hapo kwa sababu ukibaki na hiyo fikra, hata umpeleke shule gani pesa yako imeenda. Kwenye ekskaveta kile kinachotaka kuua mtu na kile kinachokula dizeli mara nyingi ni kitu kimoja, na kinafanyika kabla operata hajagusa leva yoyote, yaani pale alipoamua kuuweka mtambo na pale alipomwambia dereva wa tipa asimame. Ngoja nikuonyeshe kwa shimo lako mwenyewe.

Umesema cheni moja ilining'inia. Hapo mimi sihitaji picha. Cheni moja ikining'inia maana yake mtambo ulikuwa umelala sambamba na ukingo, kama gari lililopaki kando ya barabara. Angekuwa ameelekeza pua shimoni, udongo ukianza kushuka zinazama ncha za cheni zote mbili, na yeye anavuta leva za kutembea anarudi nyuma, kazi ya sekunde 3. Akilala sambamba hana pa kukimbilia, akienda mbele ni ukingo huo huo, akirudi nyuma ni ukingo huo huo.

Alafu kuna uzito wenyewe. Mtambo wa tani 20 una cheni zenye urefu wa mita 4 hivi, lakini kutoka cheni ya kushoto mpaka ya kulia hata mita 3 hazifiki. Kwa hiyo ni imara sana ukichimba kwa mbele au kwa nyuma, na ni dhaifu ukichimba kwa ubavu. Ukinyoosha mkono kwa ubavu na baketi imejaa, uzito karibu wote unaenda kwenye cheni moja, ile ile iliyo ukingoni. Sasa ongeza mvua. Maramu ikiwa kavu ni ngumu kama tofali, inamdanganya mtu kwamba ukuta utasimama milele, lakini ikinyonya maji inakuwa nzito zaidi na wakati huo huo chembe zake zinaacha kushikana. Na kama operata alikuwa anakula udongo wa chini kwa sababu ndo laini, akaacha juu kama paa, basi alikuwa anajichimbia mwenyewe.

Mambo haya yanatoa dalili. Asubuhi baada ya mvua, kabla injini haijawashwa, operata atembee kwa miguu juu ya ukingo aangalie chini. Ukuta unaotaka kuanguka huwa unapasuka kwanza kwa juu, mstari mwembamba unaofuata ukingo, mita moja au mbili nyuma yake, saa zingine umefunikwa na majani huoni mpaka uyasukume na buti. Ukiona huo mstari, hata kama kidole hakiingii, kile kipande chote kimeshaondoka, kinasubiri tu mtu akikanyage. Mimi nafundisha hivi: kina cha ukuta kisizidi urefu wa mkono wa mtambo, yaani kile kipande cha mbele kinachoshika baketi, kwa mashine yako ni karibu mita 3, cheni zielekee ukingo zisilale nao, na zile motori za kutembea zikae nyuma mbali na shimo. Udongo ukiwa umelowa naacha nafasi kutoka ukingoni sawa na kina chenyewe. Shimo la mita 3, kaa mita 3 nyuma. Bumu, kile kipande kikubwa cha nyuma ya mkono, na mkono wenyewe vikinyooshwa kwenye tani 20 vinafika karibu mita 10, kwa hiyo bado utachimba vizuri tu.

Kuhusu kuruka, naomba umwambie kwa upole maana najua alikuwa anaokoa roho yake. Safari hii alibahatika. Mtambo ukilala, aliyeruka mara nyingi anaangukia upande ule ule mtambo unapoenda kulala, na kebini inamkuta chini. Aliyefunga mkanda akashika kiti anatoka na maumivu ya mbavu. Mkanda wa ekskaveta wengi wanaukalia. Jumatatu nenda ukaangalie wa kwako, nina uhakika umejikunja nyuma ya kiti na vumbi la tangu Japan.

Sasa spidi. Akilala sambamba vile, mara nyingi tipa inasimama juu, nyuma ya mtambo, kwa hiyo kila baketi anazunguka karibu nusu duara kwenda na nusu duara kurudi. Mzunguko wa hivyo unachukua sekunde 28 hivi. Akigeuza pua ielekee shimoni, tipa ikasimama chini kwenye sakafu ya shimo pale palipo pakavu, au juu lakini pembeni karibu na pua, anazunguka robo duara au chini ya hapo, sekunde 19. Chukua baketi 12 kujaza tipa. Sekunde 28 mara 12 ni 336, sekunde 19 mara 12 ni 228. Umeokoa sekunde 108 kwa tipa moja, na hakuna aliyekimbia, hakuna aliyekanyaga resi. Siku yenye tipa 40 hiyo ni dakika 72, zaidi ya saa nzima ya dizeli na chuma. Usalama haujamfanya mzito hapo, au vipi?

Na hapo hapo nikuambie kitu ambacho wateja hawakipendi: operata mzuri ukimwangalia unaona kama ni mvivu. Mtambo haupigi kelele sana, baketi inaingia kwa pembe na kutoka imejaa, mkono na bumu vinatembea pamoja, hakuna kusimama kwa kishindo. Yule anayeruka na vumbi na kelele, mteja anamsifu, "huyu ni moto", wewe ndo unalipa bushi. Pini zako zinaisha haraka kwa sababu mbili tu za kawaida, grisi na tabia. Grisi ni kila siku, pini za baketi hazisubiri wiki. Tabia ni kufagia udongo kwa ubavu wa baketi, kupiga jiwe na baketi kama nyundo, na kusukuma baketi kwa kutumia cheni za kutembea. Baketi na mkono vimetengenezwa kuvuta na kuinua, ukivipiga ubavuni, nguvu yote inaingia kwenye pini na kwenye gia ya kuzungukia, na hiyo gia ikifa dada yangu, mkopo wa pili huo. Kuna na mlio fulani, ile sauti ya hidroliki inayolia kama mbuzi kabanwa wakati jiwe limegoma kutoka. Ule mlio ni mafuta ya hidroliki yanayotoroka kwenye valvu ya usalama, nguvu yote inageuka joto, hakuna kinachochimbwa. Operata aliyefundishwa akiusikia anaachia, anabadilisha pembe, anang'oa jiwe kutokea ubavu wake mwingine. Asiyefundishwa anaongeza resi.

Twende kwenye lita 160. Saa 8 maana yake ni lita 20 kwa kila saa ya mita. Mtambo wa tani 20 kwenye kazi ya kawaida ya kupakia unatumia lita 12 mpaka 18 kwa saa, na ukiwa unanguruma bure bila kazi unatumia 3 mpaka 5. Kwa hiyo hata kama angechimba saa zote 8 bila kupumua, 160 bado ingekuwa juu, na mimi siamini kwamba anachimba saa zote 8, tipa lazima zichelewe. Kuna milango mitatu ya kutokea hiyo dizeli. Wa kwanza ni mtambo wenyewe, filta ya hewa imeziba, nozo zimechoka, pampu imelegea. Wa pili ni mkono, yaani hizo tabia nilizozitaja. Wa tatu ni jerikeni, na usijifanye hujui ninachosema. Usianze na wa tatu. Usimwite mtu mwizi kabla hujapima, maana ukikosea umepoteza operata, na ukipatia bila ushahidi umepoteza pia. Siku mbili mfululizo jaza tanki mpaka shingoni asubuhi, wewe mwenyewe au kaka, andika saa ya mita, jioni jaza tena mpaka shingoni, andika lita na idadi ya tipa. Ukae hapo hapo saitini na chai yako. Kama siku hizo mbili namba inashuka ghafla mpaka 110, mtambo hauna ugonjwa.

Na hapo lazima nikuguse na wewe kidogo. Unamlipa alawansi kwa saa ya mita. Kwa hiyo injini ikinguruma bure kivulini wakati tipa hazijarudi, yeye anaingiza pesa. Umemfundisha wewe mwenyewe asizime! Wengine wakishagundua hivyo wanarukia upande wa pili, wanalipa kwa tipa, na hiyo ni mbaya zaidi, kwa sababu sasa anataka tipa nyingi kwa nguvu zote, anajaza kupita kiasi, anapitisha baketi juu ya kebini ya dereva, anachimba mvua inanyesha. Mimi ningempa mshahara unaoeleweka, alafu bonasi ndogo ya mwezi kwa lita chache kwa tipa na kwa pini zilizodumu. Bonasi ya "hakuna ajali" usiweke kabisa. Ukiweka hiyo, hawataacha kupata ajali, wataacha kukuambia.

Kuna swali hujaniuliza na mimi nalitaka sana: leva zako zimepangwaje? Mashine nyingi za siku hizi leva ya kushoto inazungusha mtambo na kunyoosha mkono wake, ya kulia inashika bumu na baketi. Lakini uko mpangilio mwingine ambapo bumu iko kushoto, na Japan zamani karibu kila kampuni ilikuwa na mpangilio wake, kwa hiyo mtumba wa kule unaweza kuja na chochote, stika zimeandikwa Kijapani na hakuna anayesoma. Operata wa miaka 8 anajifunza mpangilio mpya kwa siku chache, anafanya kazi vizuri tu, wewe huoni tofauti. Shida inatokea pale anapoogopa. Akiogopa kichwa kinatoka, vidole vinarudi kwenye kile vilichozoea miaka yote. Anataka kushusha bumu ili baketi igote chini iushike mtambo, anajikuta amenyoosha mkono mbele, uzito umezidi kwenda shimoni. Muulize tu, bila kesi: mashine uliyoizoea, bumu ilikuwa mkono gani? Kama ni tofauti na yako, hiyo inaweza kueleza nusu ya siku ile. Mitambo mingi inaweza kubadilishiwa mpangilio, nyingine ina valvu maalum, nyingine ni kuhamisha mipira ya hidroliki, fundi anafanya. Mkishachagua mmoja, bandikeni karatasi kwenye kioo, kwa Kiswahili, yenye mishale.

Sasa mafunzo yenyewe. Cheti cha operata wako sikidharau na sikiabudu. Cheti kinasema siku fulani mtu fulani alimwona akifanya. Miaka 8 nayo inategemea alikuwa na nani, maana wengi wetu tulifundishwa na operata aliyechoka aliyetaka kwenda kula, akasema "shika hapa, vuta hapo", basi. Mimi mwenyewe nilianza hivyo, kwenye kazi moja ya barabara, nikiwa taniboi. Mwaka wangu wa pili kwenye kiti nilikuwa nachimba mtaro karibu na ukuta wa mawe, nimezoea, nimejisikia. Taniboi wangu alikuwa ameweka jerikeni la maji nyuma ya mtambo, kwenye kivuli, kati ya ile chuma nzito ya nyuma na ukuta. Akainama kunywa. Mimi nikazungusha kwenda kumwaga. Sikuona kitu, kwenye ekskaveta nyuma huoni na upande wa kulia bumu inakuziba. Nilichosikia ni maji kupasuka. Kijana alikuwa ameshainuka, ameondoka hatua moja, sijui hata kwa nini. Lile jerikeni lilikuwa limebandikwa ukutani jembamba kama chapati. Nilizima injini nikakaa, miguu haikunibeba mpaka mchana.

Kuanzia siku ile nafundishia jerikeni. La lita 20, halina mfuniko, linajazwa maji na kufungwa kamba kwenye baketi. Mwanafunzi analiinua, analizungusha robo duara, analipitisha katikati ya vijiti viwili vilivyochomekwa chini, analiweka kwenye tairi kuukuu, alafu analirudisha. Tunaangalia maji yaliyobaki. Watu wa miaka 10 wanamwaga nusu. Hakuna hotuba inayomfundisha mtu ulaini wa mkono kama kulowa kwa hilo jerikeni, na ulaini huo ndo unaopunguza lita zako na ndo unaomwezesha siku ya hatari kufanya kitu kidogo badala ya kikubwa. Mfanyie operata wako hilo zoezi wiki hii, gharama yake ni maji.

Kingine ni lugha. Hapo kwenu saitini una Mnyoro, Mualuri, Mkongo kutoka ng'ambo ya ziwa, Mkenya, labda na foromani Mchina. Kila mtu ana "njoo" yake. Mkubaliane ishara za mkono chache kabla kazi haijaanza, na anayemwongoza operata awe mmoja tu, isipokuwa ngumi iliyofungwa juu, hiyo ni simama, na yeyote anaweza kuitoa, hata mama anayeuza chapati. Operata akiiona anasimama kwanza, anauliza baadaye. Na hakuna mtu anayesogelea mtambo mpaka macho yake yakutane na ya operata, baketi imekaa chini, na ile leva nyekundu ya kufunga iliyo kushoto ya kiti imeinuliwa. Ile leva inakata hidroliki. Wengi hawaiinui, anasimama kuteremka, koti linanasa kwenye joystiki, mtambo unazunguka wenyewe.

Basi umfukuze? Mimi singefukuza, bado. Mtu aliyening'inia shimoni mwezi uliopita yuko tayari kusikiliza kuliko mtu mwingine yeyote utakayemwajiri, na mpya atakuja na tabia zake usizozijua. Lakini kama baada ya mafunzo anacheka ule mkanda, au ukikuta jerikeni linajazwa dizeli, hapo muachane kwa amani.

Umpe taniboi? Hapana, si sasa. Kwa muda mrefu yeye ndo mtaji wako na ningeanza naye leo, ila kwa mpangilio. Hiyo ya kuchimba jioni isimame kwanza, maana jioni mwanga hamna, operata amechoka amelala kivulini, na kijana anajifundisha makosa. Mwezi wa kwanza ashike daftari: ukaguzi wa asubuhi, oili, maji kwenye filta ya dizeli, grisi, kukaza kwa cheni, kutoa matope, nyufa za ukingo. Ajue kuacha injini itulie dakika 3 mpaka 5 kabla ya kuzima ili turbo isikauke. Alafu leva, kwenye uwanja tambarare, mbali na watu, mwalimu akiwa amesimama nje mahali anapoonekana. Kiti ni kimoja, hakuna kumbeba mtu amesimama kwenye cheni. Kipimo changu mimi ni saa 100 za mita chini ya jicho la mtu kabla sijamwacha peke yake, na ukingo wa shimo unakuja mwisho kabisa.

Shule ya wiki mbili mashine tano? Fanya hesabu hii kabla ya kupanda basi. Siku 10 za masomo, saa 6 kwa siku, ni saa 60. Kama wanafunzi ni 30 na ekskaveta ni moja, kila mtu amekaa kwenye kiti saa 2. Saa 2! Na hapo bado sijagawanya kwa mashine tano. Zipo shule nzuri, usinielewe vibaya, na kwa mtu mgeni kabisa hata simyuleta inasaidia sana kuzoesha vidole, ingawa simyuleta haikufundishi maramu iliyolowa. Piga simu uulize ni wanafunzi wangapi kwa mashine moja, kila mmoja anapata saa ngapi za mita, mwalimu aliwahi kuishi kwa hii kazi au alisoma tu, na kama unaweza kwenda kuwaangalia siku ya kawaida. Wakikwepa swali la pili, jibu umeshapata.

Ningekuwa wewe ningemleta mwalimu saitini kwako siku 4 au 5, awafundishe operata na taniboi pamoja, kwenye mtambo wenu na udongo wenu. Ni ghali kwa siku, lakini mtambo unaendelea kufanya kazi nusu ya muda. Baada ya hapo operata aende kupimwa. Kwa miaka mingi DIT, idara ya serikali ya mafunzo ya viwandani, ndo walikuwa wakiwapima watu waliojifunzia kazini na kuwapa karatasi ya Worker's PAS, yaani unaonyesha unachoweza kwa vitendo, hawakuulizi ulisoma darasa la ngapi; uliza kwanza nani anapima sasa. Hiyo karatasi itakusaidia na wewe, maana ukitaka kukodisha kwa makandarasi wa mafuta, kwa mradi wa Tilenga au kwa bomba la kwenda Tanga, watataka kuona operata aliyepimwa na mtambo uliokaguliwa kabla hawajakufungulia geti. Angalia pia permit yake ina daraja la mitambo ya uhandisi, permit ya gari dogo haitoshi akiitembeza barabarani.

Na sheria nayo iko upande wako hata kama inaonekana kama mzigo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2006 inamtaka mwajiri amfundishe na kumsimamia mfanyakazi, na mwajiri hapo ni wewe na kaka, si mteja aliyekodi. Ile ya fidia kwa wafanyakazi inakutaka uwakatie bima. Kama huna, hiyo kwanza kabla ya mwalimu.

Kuna mambo ambayo usinisubiri mimi wala usiyajaribu kwa maelezo ya kusoma, mwite mtu afike. Bumu ikishuka yenyewe ukiwa umeiinua na leva hujagusa, au ukisikia mgongano wakati wa kuzunguka, makanika wa hidroliki leo, si kesho. Mtambo uliovutwa kutoka ukingoni ni lazima uangaliwe kwa chini, fremu ya cheni na boliti za duara la kuzungukia, hata kama unatembea vizuri. Mteja akikuambia uchimbe mtaro ambao watu wataingia ndani, na una kina cha kufika kifuani au zaidi, tafuta injinia aseme ukuta utazuiliwa vipi. Wamarekani kwenye kanuni zao wanaanza kudai kinga kwenye mita 1.5, na udongo uliotolewa ukae zaidi ya nusu mita kutoka ukingoni. Kyubiki mita moja ya udongo ina tani moja na nusu na kitu, mtu aliyefunikwa mpaka kifua hawezi kupumua, hata kichwa kikiwa nje. Na chini ya nyaya za umeme usikubali "tutapita tu". Kama mkono unaweza kuzikaribia chini ya mita 3, watu wa umeme waje kwanza, na kwa zile laini kubwa za minara mita 3 ni ndogo sana, waulize wao. Ikitokea imegusa, operata abaki ndani, awafukuze watu kwa sauti, na aondoe mtambo kama unaweza. Moto ukimlazimisha kutoka, aruke miguu pamoja bila kushika chuma, aondoke kwa kuburuza nyayo zikiwa zimegusana.

Fanya zile siku mbili za kupima kwanza, kabla ya kumuita mtu yeyote. Alafu niandikie tena: lita, saa za mita, tipa ngapi, na bumu iko mkono gani. Na kama umelipata jerikeni, niambie yalibaki maji kiasi gani.